Ngao ya Vijiko Vitatu

Nchi yetu haina tatizo lolote. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akanielewa vibaya huko mbele, maana wapo watu ambao kazi yao ni kuwaelewa wenzao vibaya, na wengine wanalipwa mshahara kwa hilo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, suti za harusi na, tangu ilipotoka amri, ngao.

Habari ya ngao ilianza pale Waziri wa Heshima na Nembo, Dakta Mfaume Chogo, alipokwenda Polandi na ujumbe mzito kujifunza. Kujifunza nini hatukuambiwa, na hatukuuliza, kwa sababu sisi ni watu wenye adabu. Walikaa huko majira yote ya baridi. Waliporudi walikuwa wamevaa makoti ya manyoya, na Waziri alishuka kwenye ndege na koti lake mchana wa jua kali, akahutubia palepale uwanjani huku jasho likimtiririka. Msaidizi wake alijaribu kumvua. Alikataa, akasema kiongozi imara habadilishwi na hali ya hewa.

"Ndugu wananchi," alisema, "huko Polandi nimejionea jambo. Zamani, mabwana wakubwa wa kule kila mmoja alikuwa na ngao yenye mchoro, alama ya heshima ya ukoo wake. Sasa sikilizeni kwa makini. Ngao moja haikuwa ya ukoo mmoja! Ngao moja ilibebwa na koo hamsini, koo mia na zaidi, watu wasiofahamiana hata kwa sura, wasio na babu mmoja wala bibi mmoja. Lakini ngao yao moja, jina la ngao moja, na wakaitana ndugu! Wenzetu wameweza. Sisi tunashindwa nini?"

Tulipiga makofi sana. Hatukuwa tunajua kwamba kuna kitu tunashindwa, kwa hiyo tulifurahi kusikia kwamba dawa yake imepatikana.

*

Ngao ya wilaya yetu ndiyo iliyotangulia. Waziri alitaka iwe na kiatu cha farasi, kama moja aliyoiona kule. Mjumbe mmoja wa kamati akasema kwa unyenyekevu kwamba nchi hii haina farasi. Akajibiwa kwamba ndiyo maana tunaanza na kiatu, farasi atafuata. Mjumbe yule siku hizi yuko nyumbani, anapumzika.

Vijiko vilikuja baadaye. Vililetwa na Mheshimiwa Kibwana Mtandi, mkandarasi wa majengo ya serikali, ambaye kwa moyo wake wa kujitolea alikuwa ameilisha kamati tangu kikao cha kwanza. Akapendekeza juu ya kiatu vikae vijiko vitatu vya fedha. Kijiko cha kwanza, alieleza, ni huduma. Cha pili ni uadilifu. Cha tatu alikuwa amekisahau, lakini akawahakikishia kwamba kina maana kubwa kuliko viwili vya mwanzo. Kikapita bila kupingwa.

Na kwa kuwa kila ngao ya mabwana wa Polandi ilikuwa na ukelele wake wa vita, yetu nayo ikapewa wake: "Tupakuliwe!" Mtu wa Vijiko Vitatu akiusikia ukelele huo, popote alipo, sharti asimame wima.

Msidhani ni mapambo tu. Ngao ina haki zake mbili. Ya kwanza, mwenye ngao hakamatwi mpaka mahakama imhukumu kwanza. Ya pili, wenye ngao moja ni ndugu, na ndugu hamshtaki ndugu. Wakikosana, wanamalizana nyumbani mbele ya mkubwa wa ngao. Mkubwa wa Vijiko Vitatu akachaguliwa Mheshimiwa Mtandi, kwa shangwe, baada ya chakula.

Basi cherehani yangu haikulala. Mkuu wa polisi alitaka ngao kifuani. Daktari wa wilaya alitaka mbili, moja ya koti la kazini na moja ya pajama. Hakimu Shekue alishonewa kwenye joho. Huyu hakimu ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: anapenda sheria iende kama ilivyoandikwa, hata ikimpeleka shimoni. Wenzake wanamsikitikia. Mwaka haukuisha, serikali ikatangaza kwamba kesi baina ya watu wenye heshima zimekwisha kabisa wilayani, na kwamba hii ni dalili ya amani. Waliobaki nje ya ngao walikuwa wale wasio na mtu wa kuwaingiza, yaani watu kama mimi na majirani zangu.

*

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Bi. Sikudhani, msusi wa nywele. Mumewe, marehemu Ngwali, alikufa zamani, na katika ukoo wake alikuwa amebaki peke yake. Alimwachia binti mmoja tu, Tunu, aliyekuwa darasa la tatu katika shule ya mtaa wetu. Shule hiyo ilijengwa na Mheshimiwa Mtandi na ilizinduliwa na watu wengi sana, karibu wengi kuliko matofali.

Mvua ya kwanza ya masika iliponyesha, ukuta wa darasa la tatu ulilainika. Wataalamu walikuja wakathibitisha kwamba saruji ilikuwemo, ila ilikuwa imechanganywa na majivu kwa kiwango ambacho uchunguzi wake unaendelea. Watoto wengine walikimbia wakatoka. Tunu hakutoka.

Mimi ndiye niliyemshonea sare. Nilikuwa nimeacha upindo mkubwa chini ya sketi, kwa vile mtoto alikuwa anarefuka haraka na mama yake hakutaka kushonesha nyingine upesi. Upindo ule ulikuwa bado mzima. Iliniuma, na inaniuma, na hapo siwezi kuweka utani.

Mama yake alizika, akakaa matanga siku zake, akafunga kanga, akaenda mahakamani. Alitaka jambo moja tu, na alilisema kwa kila aliyemuuliza: Mtandi asimame mbele ya watu aulizwe aliujenga ukuta ule kwa kitu gani. Hakimu Shekue akapokea kesi, akampa pole, akamwambia arudi wiki inayofuata.

Katika wiki hiyo ikaja bendi ya matarumbeta mpaka mlangoni kwake. Nyuma ya bendi alikuwa Waziri Chogo, na nyuma ya Waziri ngao kubwa ya mbao iliyobebwa na watu wanne.

"Bi. Sikudhani," Waziri alisema, "serikali imekupokea."

"Imenipokea wapi, mheshimiwa? Mimi si niko kwangu hapa?"

"Kwenye ngao! Mlango wa ukoo wa marehemu mumeo, Ngwali, kuanzia leo ni mlango halali wa Vijiko Vitatu."

"Mbona sikuomba?"

"Hapo ndipo penye heshima yenyewe. Wengine wanaomba wanazeeka."

"Mheshimiwa, mimi nina kesi. Nataka Mtandi aulizwe."

"Ndugu yako Mtandi," Waziri alimrekebisha kwa upole, na bendi ikapiga.

Aliporudi mahakamani, Hakimu Shekue alimkaribisha kwa huzuni. Alifungua kitabu cha sheria, akamsomea: ndugu hamshtaki ndugu. Akasema hana la kufanya, kesi imefutwa, na akampongeza kwa kupanda cheo.

*

Sheria ni sheria, na shauri likapelekwa nyumbani. Mkubwa wa ngao akaitisha kikao cha familia kwenye sebule yake yenye makochi ya kutosha ukumbi. Ajenda ilikuwa moja, ukuta wa Mheshimiwa Mtandi, na mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mtandi.

Nilikuwepo kwa sababu nilipeleka vitambaa vya meza, kwa hiyo naweza kushuhudia kwamba haki ilitendeka. Mwenyekiti alijisomea shitaka kwa sauti kali. Kisha akavua miwani na kujitetea kwa sauti laini. Alijiuliza maswali magumu, na baadhi yake yalimtoa machozi. Mwishoni akatafakari, akasimama na kutangaza kwamba baada ya kupima pande zote mbili ameamua kujisamehe. Ndugu wakasimama wakamkumbatia. Biriani likaletwa.

"Lakini msisahau," alisema akiwa na paja la kuku mkononi, "kwamba mimi nami nimefiwa. Marehemu, kwa ngao, mimi ni baba yake mkubwa. Kwa kuwa baba mzazi hayupo, msiba ni wangu."

Basi tangu siku hiyo msiba ukahamia kwake. Turubai likafungwa mbele ya geti lake. Akakaa kwenye mkeka kavaa kanzu nyeupe niliyomshonea mimi, na wilaya nzima ikajipanga kwenda kumpa pole. Kila aliyefika alisema maneno ya kufariji, na Mtandi aliinamisha kichwa na kusema kazi ya Mungu haina makosa.

Jioni moja Bi. Sikudhani alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Fundi," alisema, "leo nimempa pole Mtandi."

"Umempa pole?"

"Nilikwenda kumwambia maneno yangu. Askari wa getini akanisukuma kwenye foleni. Foleni ikaenda, na watu nyuma yangu wananiambia songa mama, songa. Nilipofika mbele akanikamata mkono, akaniambia, asante sana dada, tuombeane. Nikajikuta nimeitikia." Akatazama viganja vyake. "Nimempa pole kwa mwanangu, Fundi. Nimeitoa kwa mdomo wangu huu."

Nilimwambia avumilie, kwa kuwa ndivyo tunavyoambiana hapa.

*

Siku ya arobaini serikali iliamua kulipamba kaburi. Kampuni ya Mheshimiwa Mtandi ikatengeneza kwa zege ngao ndefu kuliko mtu, rangi ya buluu, kiatu cha dhahabu na vijiko vyake, ikasimikwa upande wa kichwa. Viti vikapangwa makaburini kwa daraja. Akaja Waziri na koti lake la manyoya.

Alihutubia. Alimsifu Mtandi kwa ustahimilivu wake wa kifamilia. Kisha gari la bendi likachelewa, na Waziri, ambaye hawezi kuuacha ukimya ukae peke yake, akaanza kusimulia tena mambo ya Polandi.

"Hata kwenye mazishi wenzetu wana utaratibu! Mlango wa ukoo ukifika mwisho, mtu wa mwisho akizikwa, ngao ya mlango ule huvunjwa palepale kaburini mbele ya watu. Huvunjwa! Kwa sababu hakuna tena wa kuibeba. Na kanuni zetu, ndugu zangu, tumezichukua kule nzimanzima, ibara kwa ibara, hatukuacha hata nukta. Hata hii imo! Ngao ikivunjwa hivyo, undugu wa mlango ule umekwisha."

Watu wakapiga makofi, kwa mazoea. Bi. Sikudhani, aliyekuwa amekalishwa safu ya mwisho karibu na wapishi, akasimama.

"Mheshimiwa, nina swali."

"Uliza, dada yetu mpendwa."

"Ngao mlimpa nani?"

"Mlango wa marehemu Ngwali. Nililisema mwenyewe nyumbani kwako."

"Ngwali ana kaka?"

Waziri akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatikisa kichwa.

"Ana mtoto mwingine?"

"Nadhani... hapana."

"Hana. Na mimi nimeolewa tu, damu ya Ngwali sina. Damu yake yote ilikuwa huyu hapa chini." Alikuwa akitembea huku akisema, na watu wakimpisha kwa heshima, kwa vile ni mfiwa, hata kama wa daraja la pili. "Mheshimiwa, mmeupa ngao mlango ambao ulikwisha siku ileile ya ukuta. Hii haikutakiwa kusimikwa. Ilitakiwa kuvunjwa."

Mchimba kaburi alikuwa ameegemeza sururu yake kwenye mti. Bi. Sikudhani akaichukua. Amesuka vichwa vya mji huu miaka mingi na mikono yake ina nguvu, ila nguvu haikuhitajika sana. Alipiga mara moja tu na ngao ikamwagika yote, vijiko na kiatu, ikawa rundo la majivu ya buluu. Zege lile lilitoka kiwanda kimoja na ule ukuta.

"Tupakuliwe!" Mtandi alipiga ukelele kwa uchungu, na wageni wote wenye ngao wakasimama wima. Baada ya kusimama hawakujua wafanye nini zaidi, maana kanuni zinaishia hapo. Ni mkuu wa polisi aliyekumbuka kwamba mwanamke huyu sasa hana ngao, na asiye na ngao anakamatika. Wakamkamata.

*

Mahakama ilijaa. Mimi nilipata nafasi dirishani. Shitaka lilisomwa: kuharibu ngao, na kulivunjia heshima kaburi la mtoto wa Mheshimiwa Kibwana Mtandi. Mlalamikaji alikuwa Mtandi mwenyewe, amevaa ngao mpya kifuani. Alieleza jinsi moyo ulivyomchanika. Alipomaliza, Hakimu Shekue akamwambia mshitakiwa anaruhusiwa kumuuliza shahidi maswali, kwa kuwa imeandikwa hivyo.

"Unasema huyu ni mwanao," alianza Bi. Sikudhani.

"Kwa ngao, ni mwanangu kabisa. Nimemlilia mbele ya wilaya nzima."

"Anaitwa nani?"

Mtandi akafungua mdomo. Akamtazama Waziri, na Waziri akawa anatazama feni. Akajaribu kusoma midomo ya watu wa mbele, lakini nao walikuwa wakitazamana.

"Marehemu," alisema hatimaye.

"Kabla hajawa marehemu."

Hakimu akaipekua hati ya mashitaka, akakuta imeandikwa "mtoto wa Mheshimiwa" na si zaidi. Akauliza kama kuna ndugu yeyote wa ngao ndani ya mahakama anayeweza kusaidia. Kulikuwa na ngao nyingi sana mle ndani, na nyingi nimezishona mimi, lakini hakuna hata moja iliyofungua mdomo.

"Tunu," alisema mama yake. "Tunu binti Ngwali. Mwandike, karani."

Karani akaandika. Nikaiona ile homa ya sheria ya hakimu ikimpanda usoni. Akamgeukia Mtandi.

"Mlalamikaji, nina shida ndogo. Kama huyu ni dada yako wa ngao, humshitaki, na polisi hawakupaswa kumkamata. Aende nyumbani. Kama si dada yako, nitaendelea. Sasa niambie. Ni dada yako, au si dada yako?"

Mtandi alikuwa bado anaungua na lile swali la jina. "Huyu?" alifoka. "Huyu si dada yangu! Hajawahi kuwa dada yangu!"

"Andika, karani." Hakimu akashusha pumzi. "Basi mshitakiwa ana hatia ya kuharibu ngao bila kufuata ratiba ya sherehe. Adhabu yake ni jela miezi mitatu na kazi ngumu. Na kwa kuwa mlalamikaji ametamka mwenyewe kwamba hawa si ndugu, ile kesi ya ukuta niliyoifuta nairudisha. Itasikilizwa mshitakiwa akimaliza kifungo. Mheshimiwa Mtandi utakuja, utasimama hapa na utaulizwa."

Waziri alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimvuta Mtandi sikio karibu alingoe, akamnong'oneza, na Mtandi akaruka.

"Ngoja, mheshimiwa hakimu! Ilikuwa hasira! Ni dada yangu! Dada yangu kipenzi, nimemsamehe kila kitu! Asifungwe, arudi nyumbani leo hii, na ngao nyingine nitamjengea!"

Hakimu akapekua kitabu chake mbele na nyuma. Akasema kwa masikitiko kwamba hilo nalo limo. Undugu uliokatwa unaweza kuungwa tena kama pande zote mbili zitaridhika, na ukiungwa, hakuna kifungo na hakuna kesi ya ukuta. Akavua miwani yake, akamgeukia mwanamke aliyekuwa kizimbani, na kwa mara ya kwanza akasema naye bila kusoma popote.

"Bi. Sikudhani, umesikia. Ukisema ndiyo, unatoka na sisi mlango huu sasa hivi. Ukisema hapana, ni miezi mitatu, na jela yetu unaijua. Fikiri vizuri, dada yangu. Miezi mitatu si mchezo."

"Nimesikia, mheshimiwa," alisema Bi. Sikudhani, akamnyooshea askari mikono yote miwili. "Mwanangu nilimbeba tisa."